Wasomaji Wanauliza: Kutembea Bonde la Mosel Bila Kiongozi

Barua nyingi za safu ya safari mwezi huu zinauliza habari za likizo ya kutembea kwa miguu kwenye mabonde ya zabibu huko Ulaya, kijiji hadi kijiji, bila kiongozi wala kundi. Tumeamua kujibu kwa bonde moja tu, la mto Mosel nchini Ujerumani. Njia yake ina alama zinazosomeka, vijiji viko karibu karibu, na reli inapita bondeni. Hiyo reli ndiyo sababu kubwa ya kulipendekeza bonde hili kwa anayeanza: goti likigoma au mvua ikikukatalia, unapanda treni na jioni unafika kwenye kitanda ulicholipia.

Nimeona kuna njia ndefu inayofuata mto wote. Nina siku tisa, safari ya ndege ikiwamo. Nianzie wapi na niishie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Njia unayoizungumzia inaitwa Moselsteig. Ilifunguliwa mwaka 2014, ina kilomita 365 na imegawanywa vipande 24. Inaanza Perl, mpakani mwa Ujerumani, Ufaransa na Luxemburg, na kuishia Koblenz, Mosel unapoingia mto Rhine. Usijaribu kuimaliza. Wala usianzie Perl kwa sababu tu kipande hicho kimeandikwa namba moja. Kule juu ni kuzuri, ila vilima ni vya upole, udongo ni wa chokaa na zabibu kuu ni Elbling. Anayetaka kuta za mawe, miteremko mikali na ngome ashuke chini zaidi, kati ya Traben-Trarbach na Moselkern.

Kwa siku zako tisa, mbili ni za kufika na kuondoka. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt panda treni kupitia Mainz hadi Koblenz, kisha treni ya Trier hadi Bullay, hapo ubadilishe kwenda Traben-Trarbach kwa treni ndogo ya tawi. Lala hapo.

Siku ya kwanza na ya pili za kutembea ni Traben-Trarbach hadi Reil, kisha Reil hadi Zell. Ni vipande vifupi, na hilo ni jambo jema kwa miguu ambayo bado haijazoea. Kabla ya Zell utapita Marienburg, mgongo mwembamba wa mlima ambao mto unauzunguka, hivyo unauona Mosel kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Siku ya tatu ni Zell hadi Neef, na hiyo ni ndefu.

Siku ya nne, Neef hadi Ediger-Eller, ndiyo inayostahili hali nzuri ya hewa kuliko zote. Hapo unapanda Calmont, mlima wenye shamba la mizabibu linalotajwa kuwa lenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya. Mahali pengine hufikia nyuzi 65 hivi. Chini yake mto unajikunja kuzunguka rasi yenye magofu ya nyumba ya watawa ya Stuben, na kijiji cha Bremm kimejibana ukingoni. Una njia mbili hapa, na chaguo hili lifanyike mezani kabla ya safari. Moselsteig yenyewe hupita juu mgongoni, salama kwa yeyote mwenye pumzi. Njia ya pili, Calmont-Klettersteig, hukata katikati ya mteremko kati ya Bremm na Eller kwa ngazi za chuma, vikanyagio vilivyopigwa mwambani na nyaya za kushikilia. Tenga saa tatu. Mwenye kizunguzungu cha urefu, mwenye mkoba mkubwa mgongoni au mwenye mtoto mdogo asiishike, na baada ya mvua asiishike mtu yeyote, kwa sababu mawe ya pale huteleza yakilowa. Fimbo za kutembelea zifungwe mkobani. Mikono yote miwili inahitajika.

Siku ya tano unakwenda Beilstein, kijiji kidogo cha mawe chini ya magofu ya ngome ya Metternich. Ya sita ni Beilstein hadi Cochem, kama kilomita 11 tu, kwa hiyo mchana unabaki wa kuiona ngome ya Cochem. Majeshi ya Ufaransa yaliibomoa mwaka 1689, na unayoiona leo ilijengwa upya karne ya 19. Siku ya saba usitembee kutoka Cochem hadi Treis-Karden. Ni kilomita 24 na magoti yako yameshachoka. Panda treni hadi Treis-Karden, kisha tembea kilomita 13 hivi kwenda Moselkern kupitia Burg Eltz, ngome iliyofichwa msituni ambayo haikuwahi kubomolewa na bado ni mali ya ukoo uleule tangu karne ya 12. Ngome hufunguliwa takriban Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Fika kabla ya saa sita mchana, maana baada ya hapo mabasi ya watalii hujaa. Kutoka ngomeni unafuata kijito cha Eltz hadi kituo cha Moselkern, na treni inakurudisha Koblenz.

Ukiwa na siku pungufu ya hizo, kata mbili za mwanzo na uanzie Zell. Usikate Calmont wala Eltz.

Kila asubuhi hutembea kilomita tano kwa saa moja bila kuchoka. Kipande cha kilomita 20 si nitakimaliza kwa saa nne? (Msomaji, Nairobi)

Hutakimaliza, na hapa ndipo mipango mingi ya Mosel inapoharibika. Ramani inaonyesha mto, nawe unadhani njia inafuata mto. Haifuati. Moselsteig hutoka kijijini, hupanda mita 200 au 300 hadi ukingo wa uwanda wa juu, hushuka kijiji kinachofuata, hupanda tena. Kinachokula muda ni mpando na mteremko.

Tumia hesabu inayotumika Ujerumani kwa vibao vya njia za milimani. Kwanza gawanya kilomita kwa 4, upate saa za tambarare. Pili, gawanya jumla ya mita za kupanda kwa 300, na mita za kushuka kwa 500, kisha jumlisha majibu hayo mawili. Sasa una namba mbili. Chukua iliyo kubwa nzima, uongeze nusu ya iliyo ndogo.

Mfano: kilomita 20, kupanda mita 700, kushuka mita 700. Tambarare ni saa 5. Kupanda ni saa 2 na dakika 20, kushuka ni saa 1 na dakika 24, jumla saa 3 na dakika 44. Nusu yake ni saa 1 na dakika 52. Jibu ni saa 6 na dakika 52 za kutembea tu, bila chakula, bila picha, bila kusimama kumwachia mtu njia. Ukijumlisha mapumziko, siku yako ni ya saa nane na zaidi. Ukitoka saa tatu asubuhi unafika saa kumi na moja jioni, na hapo bado hujapotea hata mara moja.

Mita za kupanda na kushuka zimeandikwa kwenye maelezo ya kila kipande. Zisome kabla ya kilomita. Kama kipande kinazidi saa sita kwa hesabu hii na wewe si mzoefu wa milima, kikate kwa treni au basi.

Tena, mpando utakutoa jasho, lakini mteremko ndio unaoumiza. Vidole vya miguu hugonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na siku ya tatu kucha zinakuwa nyeusi. Nunua kiatu kilichozidi nusu saizi, kata kucha zako mapema, na kabla ya kushuka kaza kamba za juu ya kifundo ili kisigino kibaki nyuma. Soli iwe na meno. Njia nyingi zimetandikwa vipande vya sleti, yale mawe bapa meusi ambayo ni roho ya bonde hili. Yakiwa makavu hubingirika chini ya kiatu kama gololi, na yakiwa na maji huteleza. Fimbo mbili husaidia sana. Zirefushe sentimita tano hadi kumi unaposhuka. Mahali pa ngozi panapoanza kupata joto, simama papo hapo ubandike plasta. Ukisubiri hadi kijiji kinachofuata, lengelenge limeshajaa.

Mimi ni Mwislamu na sinywi. Je, bonde la mvinyo lina nafasi kwa mtu kama mimi, au nitakuwa nashinda njaa? (Msomaji, Maskati)

Nafasi unayo. Mizabibu, ngome na mto haviulizi mtu anakunywa nini. Ila ujuzi kidogo wa menyu unahitajika.

Kinywaji cha kuagiza ni Traubensaft, juisi ya zabibu. Wakulima wengi hukamua yao wenyewe. Ni tamu mno kwa mtu mwenye kiu, kwa hiyo agiza Traubensaftschorle, ambayo ni juisi hiyo iliyochanganywa na maji ya gesi. Uwe mwangalifu Septemba na Oktoba. Msimu huo huuzwa Federweißer, kinywaji chenye ukungu mweupe kinachofanana na juisi na chenye utamu uleule, lakini ni mvinyo ulio katikati ya kuchacha na kilevi chake huongezeka kila saa. Kifuniko cha chupa yake hakikazwi, kwa sababu gesi ingeipasua. Vilevile ukiona neno Most, yaani juisi iliyokamuliwa, uliza kwanza. Huenda imeshaanza kuchacha. Sosi na supu zenye neno Riesling zimepikwa kwa mvinyo.

Nguruwe yumo katika vyakula ambavyo hutamdhania. Flammkuchen, ule mkate mwembamba wa krimu na vitunguu, huwekwa vipande vya Speck, yaani nyama ya nguruwe iliyofukizwa moshi. Pai ya vitunguu, Zwiebelkuchen, mara nyingi vilevile. Kibakuli cheupe cha kupaka mkate kilichoandikwa Schmalz ni mafuta ya nguruwe. Sema "ohne Speck, ohne Schweinefleisch", bila Speck na bila nguruwe. Vyakula salama vya kutegemea ni samaki aina ya Forelle, viazi vya kuchemsha, mayai, jibini na saladi. Nyama halali utaipata kwa urahisi Koblenz na Trier kwenye maduka ya Waturuki, vijijini usiitarajie. Nyumba nyingi za wageni hutoa kifungua kinywa tu, kwa hiyo waandikie mapema usile nini, nao hukuwekea mayai badala ya soseji.

Kuhusu saa za sala, Juni jua la Cochem linazama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku na kuchomoza saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Usiku ni mfupi kuliko wa Maskati kwa mbali. Anayetaka mpangilio wa siku aliouzoea aende Septemba mwishoni, mchana na usiku vinapolingana.

Sisi tumezoea mvinyo wa Dodoma. Huko Mosel tutakunywa nini, na lebo zao zinasomwaje? (Msomaji, Dodoma)

Mtaona kilimo kilicho kinyume cha cha kwenu. Dodoma ina jua la kutosha kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mosel uko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, na mavuno ni mara moja. Mkulima wa pale hupanda kwenye ukuta wa mlima kwa sababu mteremko unaoelekea kusini hupokea miale ya jua kwa wima zaidi, na sleti nyeusi hushika joto la mchana na kulirudisha usiku. Ndiyo maana upande mmoja wa mto umejaa mizabibu na upande wa pili, ulio kivulini, ni msitu. Trekta haliwezi kupanda kule, hivyo mtaona reli moja nyembamba ya meno ikipanda shambani na kigari kidogo juu yake, kikimbeba mkulima na makreti yake.

Zabibu kuu ni Riesling. Kwenye lebo, neno trocken maana yake mvinyo mkavu, wenye sukari kidogo isiyozidi gramu 9 kwa lita. Halbtrocken na feinherb una utamu wa wastani. Kabinett, Spätlese na Auslese hueleza jinsi zabibu zilivyokuwa zimeiva siku ya kuvunwa, kutoka nyepesi kwenda nzito. Kabinett yenye utamu wa asili huwa na kilevi cha asilimia 8 au 9 tu, ndiyo inayofaa kwa mtu atakayetembea kesho. Jina la kijiji likifuatiwa na jina jingine, kama Ürziger Würzgarten, la pili ni shamba lenyewe; hapo Ürzig udongo ni mwekundu, tofauti na sleti nyeusi ya majirani.

Mahali pa kunywea ni Straußwirtschaft. Ni mkulima anayefungua ua au ghala lake kwa wageni, kwa jumla ya miezi minne kwa mwaka isiyozidi, viti visizidi 40, akiuza mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi. Kwa vile hawafungui mwaka mzima, mwulize mwenye nyumba mnayolala nani yuko wazi wiki hiyo. Chukueni noti na sarafu. Wengi hawapokei kadi. Glasi huwa na mstari wa kipimo, 0.1 au 0.2 lita, na kwa anayeonja aina nyingi 0.1 inatosha. Chupa msizibebe mgongoni. Sita zina kilo nane hivi. Nunueni mbili za mwisho siku ya kuondoka, zifungwe ndani ya nguo kwenye begi la chini la ndege.

Nitalala vijiji sita tofauti na usiku mmoja Luxemburg. Viza niombe wapi, na nioneshe nini? (Msomaji, Mombasa)

Omba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Hapa ni Ujerumani. Usiku ukilingana, ombea nchi utakayoingia kwanza. Hesabu kwa makini kama utagusa Mosel ya juu, kwa sababu huko mto wenyewe ndio mpaka: ukilala Perl uko Ujerumani, ukivuka daraja uko Schengen, Luxemburg. Ndiyo, kijiji kilichoipa viza jina lake ni kijiji cha zabibu cha mto huu. Mkataba wa Schengen ulitiwa saini hapo tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iliyotia nanga mtoni.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na miadi yenyewe huwa adimu kabla ya likizo za Juni hadi Agosti, kwa hiyo anza miezi minne nyuma. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, nawe usome mkataba wake: baadhi huondoa shughuli za milimani, na anayetaka Klettersteig ahakikishe haikuondolewa.

Ombi la msafiri wa kutembea hukwama kwenye makazi. Afisa anaona usiku saba na vijiji saba asivyovijua. Mwandalie ukurasa mmoja wenye jedwali: tarehe, kijiji cha kulala, jina la nyumba, namba ya uthibitisho, na namna ya kufika, iwe kwa miguu au treni. Usiku wowote usio na kitanda ni swali linalosubiri. Mnaoishi Ghuba kwa vibali halali mnaombea huko mnakoishi, si lazima mrudi nyumbani.

Tunataka kwenda na mama mkwe, miaka 68, magoti yake hayapendi ngazi. Mabegi nayo? (Msomaji, Kampala)

Acheni kuhama kila siku. Kaeni Cochem usiku wote, mkitoka asubuhi na kurudi jioni kwa treni. Reli inafanya hilo liwe rahisi ajabu: kati ya Cochem na Eller mto unajizungusha zaidi ya kilomita 20, lakini treni hupita ndani ya mlima kwa handaki la mita 4,205 lililofunguliwa mwaka 1879 na kufika kwa dakika chache. Treni za haraka husimama Cochem na Bullay. Vituo vidogo kama Neef, Ediger-Eller na Moselkern ni vya treni ya polepole, kwa hiyo angalieni mnapanda ipi. Beilstein na Zell havina kituo cha treni, ni basi tu, na jioni na Jumapili mabasi hupungua sana.

Mama atembee kandokando ya mto. Njia ni ya lami na tambarare, ila baiskeli ni nyingi. Mshikeni upande wa kulia. Kutoka Cochem kuna viti vinavyoning'inia kwenye kebo na kupanda mlimani, boti za abiria hadi Beilstein kati ya Aprili na Oktoba, na Burg Eltz ina basi dogo kutoka maegesho yake hadi karibu na lango. Ndani ya ngome ngazi zipo. Nyie mnaotembea juu mkutane naye kijijini kwa chakula, lakini msipange saa tisa alasiri: majiko mengi hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi kumi na moja na nusu jioni.

Kama bado mnataka kuhama, lipieni huduma ya kusafirishiwa mabegi. Kwa kawaida begi moja kwa mtu, lisizidi kilo 20, liwe mapokezi kabla ya saa tatu asubuhi likiwa na kibandiko cha jina na nyumba linakokwenda. Kosa la kawaida ni kuacha dawa, chaja au koti la mvua ndani ya begi lililoondoka. Na mkibadili nyumba dakika ya mwisho, mwambieni dereva kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Tiketi: kwa familia, tiketi ya siku ya Rheinland-Pfalz, jimbo lenye bonde hili, huchukua hadi watu watano kwenye treni za mkoa na mabasi, siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi. Haifiki Frankfurt. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa na mabasi nchi nzima, ni nafuu kwa wanaozunguka sana, lakini ni usajili unaojirudia: usipousitisha kabla ya tarehe 10 utakatwa tena mwezi unaofuata.

Mwezi gani? (Msomaji, Arusha)

Mei, au wiki mbili za katikati ya Septemba. Aprili mapema pichi za shambani huchanua waridi kote bondeni, ila baridi bado ipo. Julai na Agosti miteremko huwa tanuri, kivuli hakuna, na chemchemi shambani ni chache. Bebeni lita mbili kila mtu. Maji ya bomba ni salama, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser, yaani si maji ya kunywa.

Kati ya Mei na Agosti helikopta hunyunyiza dawa mashambani asubuhi. Ukikuta kizuizi au mtu mwenye fulana ya rangi kali, simama hadi aondoke; hata kama haraka unayo, ile ni dawa ya ukungu na upepo unaileta kwako. Wakati wa mavuno baadhi ya vijia vya ndani hufungwa. Zabibu usichume hata moja, ni mali ya mtu. Kuanzia Novemba nyumba nyingi hufungwa, na mto unaweza kufurika. Mafuriko ya Desemba 1993 yalijaza maji mitaa ya vijiji vingi, na alama za kimo chake bado ziko kwenye kuta.

Siku yoyote ya mwaka, tafuta neno Ruhetag. Ni siku ya mapumziko ya mgahawa, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, na katika kijiji chenye migahawa miwili yote inaweza kupumzika siku moja. Maduka hufungwa Jumapili. Nunua mkate na jibini Jumamosi.

Nikipotea au nikiumia? (Msomaji, Bujumbura)

Njia ina alama kwenye nguzo, miti na kuta, pande zote mbili, kwa hiyo unaweza kuitembea kuelekea utakako. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama, rudi kwenye ile ya mwisho. Watu wengi hupotea ndani ya kijiji, ambako njia hupita uchochoro kati ya nyumba mbili na alama imefunikwa na maua ya mwenye nyumba. Pakua ramani na faili ya njia kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani mabondeni na msituni mtandao hukatika.

Namba ya dharura ni 112, bure. Msituni utaona vibao vyenye neno Rettungspunkt na namba. Soma namba hiyo kwa simu, waokoaji wanajua mahali hasa. Jioni jikague kupe, nyuma ya magoti na kiunoni. Mng'oe kwa kibanio, karibu na ngozi, bila mafuta wala moto. Duara jekundu likitokea na kupanuka siku au wiki zinazofuata, mwone daktari na umtajie kupe. Ugonjwa wa Lyme hutibika kwa antibiotiki ukiwahiwa.

Naweza kuvuna zabibu kwa ujira nikiwa huko? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya siku moja. Ukitaka kuona mavuno, mwombe mkulima ruhusa ya kutazama, kaa pembeni mwa mstari, na usisimame chini ya anayekata: mteremko ule, kreti likiponyoka halisimami hadi barabarani.